Naomba ushauri: diski nilizokloni hazibuti kwenye kompyuta za zamani

Fundi Meza Moja

Kamwene wakubwa kwa wadogo. Mimi ni fundi wa kompyuta, nina meza moja tu kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya simu hapa Mwanjelwa, Mbeya, na nimekwama katika kazi niliyodhani ingenichukua jioni mbili. Shule moja ya sekondari nje kidogo ya jiji imenikabidhi kompyuta 10 za mezani, zote za aina moja, zenye prosesa ya Core 2 Duo na RAM ya GB 4, ili nitoe hadi diski (hard disk) zilizochakaa na kuweka SSD, yaani diski za kisasa zisizo na kinachozunguka ndani, za GB 240. Badala ya kusakinisha Windows 10 mara kumi, nilichukua diski moja iliyokwisha kuandaliwa, yenye programu zote anazozihitaji mwalimu wa somo, nikaikloni, yaani kuinakili nzima ilivyo, kwa programu ya Clonezilla kwenda kwenye SSD zote. Kila mara niliambiwa kazi imekamilika bila kosa.

Nikiifunga SSD na kuwasha, nembo ya kiwandani inapita, kisha kioo kinabaki cheusi na kistari kimoja cheupe kinapepesa kwenye kona ya juu kushoto. Niliiacha hivyo nikaenda kula, niliporudi kistari kilikuwa bado kinapepesa. Nimebadili kebo za SATA zinazounganisha diski, nimebadili mpangilio wa kubuti (kuwaka kutoka kwenye diski) kwenye BIOS, ile programu ya kiwandani inayoiamsha kompyuta, na mashine zote kumi zinafanya vilevile. Shule inafunguliwa Jumatatu. Je, yawezekana nimeuziwa SSD bandia?

Mzee wa Igurusi

Pole, mdogo wangu. Swali lako umelijibu mwenyewe hapo mwisho. Mimi niliwahi kununua fleshi iliyoandikwa TB 1, nikahamishia picha za harusi ya binti yangu, na nilipofika kuzifungua nyumbani nikakuta picha za mwanzo ziko salama na zilizofuata zote ni majina matupu yasiyofunguka. Kumbe ndani yake kulikuwa na GB chache tu, nayo imefundishwa kudanganya ukubwa wake. Ipo programu inayoitwa H2testw ambayo hujaza kifaa chote kwa data kisha huisoma tena ili kuona kama imebaki ilivyoandikwa. Ipitishe hiyo kwenye SSD zote kumi kabla hujagusa kitu kingine.

Kiazi cha Njombe

Mzee wangu, SSD kumi zote ziwe bandia na zote ziugue ugonjwa mmoja kwa dalili moja? Hicho kistari kinapepesa kwa baridi tu, kivalishwe sweta.

Nikiacha utani, sioni kwa nini mnahangaika na Windows 10 wakati masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine za Core 2 Duo zenye RAM ya GB 4 zinabeba mfumo wa bure wa Linux Mint bila kulalamika, na mimi mwenyewe ninaandika haya kwenye mashine ya aina hiyo.

Fundi Meza Moja

Kaka, mwalimu ametaka Windows kwa sababu programu ya kufundishia uchapaji aliyoizoea haipo kwenye Linux. Hilo lilikwisha kuamuliwa. Ninachohitaji ni hizi klonu zibuti.

Dada Mafinga

Kabla hatujazihukumu SSD, naomba jibu moja tu. Hiyo diski iliyokwisha kuandaliwa ilitoka kwenye mashine gani?

Fundi Meza Moja

Ilitoka kwenye kompyuta ya kawaida tu, dada. Inafanya kazi vizuri, haina virusi, na inawaka kwa sekunde chache. Tatizo haliko huko.

Dada Mafinga

Kaka, "kompyuta ya kawaida" si jibu. Ninauliza ni ya mwaka gani na kama ni ya mezani au ya mapajani, kwa sababu hapo ndipo penye kesi yote. Ngoja nieleze ili usione kuwa ninakuhoji kama polisi.

Kompyuta za zamani kama hizo zako huamshwa na BIOS. BIOS haina elimu kubwa: inasoma sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512 tu, na kuiendesha programu fupi inayoikuta humo. Programu hiyo hutazama jedwali la patisheni, yaani vyumba vya diski, zisizozidi nne, ikatafuta iliyowekwa alama ya kuwa hai, kisha ikaikabidhi kazi. Mpangilio huo ndio MBR. Kompyuta mpya huamshwa na UEFI, ambayo haina haja na programu ya sekta ya kwanza. Yenyewe husoma jedwali la patisheni la aina mpya, liitwalo GPT, ikatafuta patisheni ndogo yenye mafaili ya kuamshia, na kuyafungua kama mtu anavyofungua barua. Diski ya GPT nayo inayo sekta ya kwanza, lakini kilichomo ni kama bango la kuzitahadharisha programu za zamani kwamba kiwanja hiki kina mwenyewe, na kwa kawaida hakuna programu ya kuamshia ndani yake. BIOS ikifika hapo haioni cha kuendesha, na wewe unabaki na kistari kinachopepesa.

Clonezilla haikukosea. Imenakili kila kitu kwa uaminifu, pamoja na namna ya kuamka ambayo mashine zako hazijawahi kuisikia. Ukitaka kuhakikisha, chukua SSD moja uifunge kwenye kompyuta yoyote mpya ya mezani. Ikiwaka, basi kebo hazina kosa na muuzaji wako pia hana kosa.

Mzee wa Igurusi

Maelezo mazuri, dada yangu. Hata hivyo, ile H2testw isisahaulike.

Fundi Meza Moja

Nimefanya ulivyosema. Kuna jamaa hapa jirani anachapisha kadi za mialiko, ana kompyuta mpya, nikamwomba dakika kumi. SSD imewaka palepale, na imefika hadi kwenye picha ya ukutani ya kaka yangu akiwa amesimama Ziwa Ngosi.

Niseme ukweli. Diski ya asili ni ya laptop ya kaka yangu ya mwaka 2020. Sikuona kama ina uhusiano, kwa sababu Windows ni Windows. Na msinilaumu, kwani kusakinisha moja moja, pamoja na programu na masasisho, ni saa nne kwa kila mashine, na umeme wiki hii umekuwa wa kubahatisha. Hata hivyo nimeshapata njia. Kuna mtu anauza mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) za mtumba zenye UEFI, nimeshazungumza naye na nimempa kishika uchumba kutoka kwenye malipo ya awali ya shule. Nikibadili mazabodi, klonu zitabuti bila kuguswa. Nilitaka tu kujua kama makasha ya zamani yatazipokea.

Kiazi cha Njombe

Yaani kiatu kimebana, na wewe unakwenda kununua mguu mwingine.

Dada Mafinga

Achana na mazabodi, tafadhali. Ukibadili mazabodi utabadili prosesa, na prosesa ikibadilika RAM nayo haitaingia, kwa sababu mashine nyingi za umri huo zinatumia RAM za aina ya zamani, DDR2 au DDR3 za mwanzo. Kazi ya shule itageuka kuwa ujenzi wa kompyuta kumi mpya.

Njia zipo mbili. Ya kwanza ni kuigeuza klonu iliyopo: unabadili GPT kuwa MBR kwa programu ya gdisk, unatenga patisheni ya kuamshia na kuiwekea alama ya kuwa hai, kisha unaandika upya mafaili ya kuamshia kwa amri ya bcdboot ukiielekeza kwenye BIOS. Inawezekana, lakini ukikosea herufi moja unapoteza yote, na mbr2gpt inayokuja ndani ya Windows 10 haitakusaidia kwa sababu inageuza kwa upande mmoja tu, kutoka MBR kwenda GPT. Ya pili, ambayo ndiyo ningeifuata mimi, ni kurudisha moja kati ya zile hadi diski za zamani, ambayo bila shaka ni ya MBR, kuisafisha na kuitumia kama mama wa kloni zote. Hizo za zamani unazo?

Fundi Meza Moja

Hizo za zamani sinazo zote. Imebaki moja.

Dada Mafinga

Nyingine tisa ziko wapi?

Fundi Meza Moja

Nilizifuta na kumuuzia jamaa mmoja anayekwenda Tunduma. Zilikuwa za GB 160, zimechoka, na kwa kawaida fundi huchukua vifaa vilivyotolewa. Kila fundi anajua hivyo.

Mwalimu Mstaafu

Kijana wangu, mimi si fundi, lakini nimefundisha miaka mingi na nimeshika ofisi ya taaluma. Ndani ya diski za shule kuna majina ya watoto, alama zao, namba za simu za wazazi na pengine barua za nidhamu. Hivyo vitu si vyuma chakavu. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kama isingekuwepo, mali ya shule haiuzwi kabla mwalimu mkuu hajaulizwa. Nakuuliza kama mzazi: ulizifuta kwa namna gani?

Fundi Meza Moja

Nilizifomati, mwalimu. Zote tisa. Ilikuwa ile fomati ya haraka, maana nilikuwa na haraka.

Dada Mafinga

Fomati ya haraka huandika upya orodha ya mafaili tu, na mafaili yenyewe hubaki yalipokuwa mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Mtu mwenye programu ya bure ya kurejesha data atayapata mengi.

Jicho la Tatu

Naomba niingilie, kwa maana ninaona watu wanatoa ushauri kwa jambo ambalo huenda halipo. Bwana huyu anadai alikloni laptop ya mwaka 2020 kwenda kwenye SSD za GB 240. Laptop za mwaka huo ninazozijua mimi zina GB 512 au GB 256. Clonezilla kwa kawaida hukataa kunakili diski kubwa kwenda kwenye diski ndogo, hata kama data iliyomo ni kidogo, na hata GB 256 kwenda 240 ingeleta mgomo. Sasa iweje yeye aambiwe mara kumi kwamba kazi imekamilika bila kosa? Ama hadithi imetungwa ili tubishane, ama diski hiyo ni ya mtu ambaye hajui kwamba laptop yake iko Mwanjelwa. Angalieni pia jinsi maelezo yanavyotoka: kwanza diski iliyoandaliwa, baadaye laptop ya kaka, baadaye tisa zimeuzwa. Kesho tutaambiwa na kaka mwenyewe ni wa kuazima.

Kiazi cha Njombe

Hapo umepiga penyewe. Mimi nilishaanza kumhurumia.

Mzee wa Igurusi

Kumbe ndiyo maana hakutaka kuzipima SSD.

Fundi Meza Moja

Diski ya kaka ni ya GB 128. Ni laptop ya bei ndogo, na ndiyo maana alinipa niitengeneze mara mbili. SSD nimeiunganisha kwenye kompyuta ya huyu jirani sasa hivi, na ninaandika ninachokiona: ukubwa wote ni GB 223, patisheni za kaka zinaishia kwenye GB 119, na baada yake kuna GB 104 ambazo hazijatengwa. Mwizi gani angekloni picha ya Ziwa Ngosi mara kumi?

Dada Mafinga

Hesabu inakubali. SSD ya GB 240 ya dukani huonekana kama 223 kwenye Windows, ya 128 huonekana kama 119, na tofauti yake ndiyo hizo 104. Mtu anayetunga hadithi asingeijua namba ya mwisho bila kuitazama. Jicho, swali lako lilikuwa zuri, ila jibu lake limepatikana.

Jicho la Tatu

Namba ninazikubali. Kuhusu zile tisa sijasema kitu.

Mwalimu Mstaafu

Wala mimi sijamaliza. Lakini kaka yako naye, anajua kwamba mafaili yake yangekaa mbele ya wanafunzi?

Dada Mafinga

Turudi kwenye kazi, maana Jumatatu haisubiri. Hiyo moja iliyobaki usiitumie tena, ikabidhi shuleni kama ilivyo. Tengeneza fleshi ya kusakinishia kwa programu ya Rufus, uchague mpangilio wa MBR na mashine ya BIOS. Funga SSD moja kwenye mojawapo ya hizo za mezani, usakinishe Windows upya humohumo, uweke programu za mwalimu, halafu uendeshe Sysprep, programu iliyomo ndani ya Windows, kwa kuchagua Generalize ili kila nakala ijitengenezee utambulisho wake. Zima, kisha ndipo uikloni kwenda kwenye zile tisa. Utasakinisha mara moja tu, si mara kumi. Na kumbuka kuwa leseni ya laptop ya kaka yako imefungwa na laptop yenyewe, hivyo suala la leseni za shule lizungumze na shule.

Fundi Meza Moja

Ndaga fijo, dada. Nimekesha, na matokeo ni haya. Saba zimewaka vizuri. Mbili zinafika kwenye nembo ya Windows, kisha kinakuja kioo cha bluu chenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Moja haionyeshi chochote.

Dada Mafinga

Hizo mbili fungua BIOS utazame tarehe. Nina hakika utakuta imerudi miaka mingi nyuma.

Fundi Meza Moja

Zote mbili zinaonyesha mwaka 2008.

Dada Mafinga

Betri ya saa imekufa, ile ya duara ya CR2032. Ikifa, BIOS husahau mipangilio na kurudi ilivyotoka kiwandani, na hapo SATA inarudi kwenye IDE, namna ya zamani ya kuongea na diski, wakati ile uliyosakinishia ilikuwa kwenye AHCI, namna mpya. Windows inatafuta diski kwa mlango mwingine na haioni kitu. Weka betri mpya, rudisha AHCI, uhifadhi.

Fundi Meza Moja

Zimewaka. Sasa ni tisa.

Mwalimu Mstaafu

Hongera, kijana. Sasa, zile hadi diski za shule?

Fundi Meza Moja

Yule jamaa nimempigia jana usiku, mwalimu. Anasema tano bado anazo, atazileta na basi la kesho. Nne zimeshavuka mpaka.

Mwalimu Mstaafu

Na mwalimu mkuu umemwambia?

Fundi Meza Moja

Ile kompyuta ya kumi inatoa mlio mmoja mrefu na miwili mifupi kila ninapoiwasha. Nimetoa RAM, nimezisugua kwa kifutio cha penseli, nimerudisha, na bado inalia vilevile.

Mzee wa Igurusi

Hiyo mara nyingi ni kadi ya picha, mdogo wangu. Ila mwalimu amekuuliza.