Nina ndevu, nina mke, nina kitambi, halafu naambiwa "kidole mdomoni"!

Wakuu, naandika nikiwa bado nje ya geti la shule, jasho halijakauka. Mkiona herufi zimerukwa, ni mikono inatetemeka.

Yule mtu (jina silitaji, nyote mnamjua, na kama una mtoto pale basi umeshaijua sauti yake kabla ya sura) leo kanivua utu mchana kweupe. KIDOLE MDOMONI. Mimi!

Kisa chenyewe. Jana kijana wangu karudi kanuna. Nikambembeleza mpaka akasema: darasa zima la pili limenyimwa mapumziko kwa sababu kuna mmoja alipiga mluzi na wenzake wakagoma kumtaja. Wakakalishwa mikono kichwani mpaka kengele ya kuingia. Anavyosimulia, utadhani katoka kutumikia kifungo cha maisha. Nikasema sawa, kesho napita kistaarabu, niulize: aliyepiga mluzi ni mmoja, hawa wengine kosa lao nini? Swali la mtu mzima kwa mtu mzima.

Nafika mlangoni. Yule mtu yuko mbele ya darasa, filimbi shingoni. Nasema, "Samahani mwa..." Hata "limu" sijaifikia. Kageuka, kanipandisha kanishusha, kainua kidole: "Kidole mdomoni!"

Nikageuka nione anamwambia nani. Nyuma yangu ukuta.

Wakuu, UKUTA.

Darasa likawa kimya mpaka nikasikia vumbi la chaki likitua sakafuni. Mwanangu dawati la mbele kajifunika uso kwa daftari. Na yule mtu hacheki, hasemi "natania mzazi". Anasubiri. Yaani anakisubiri kidole! Mimi kazini nikipita watu wanazima redio!

Halafu mnaniambia hiyo ni nidhamu? Ukutani wana ule ubao wa rangi, kijani juu, nyekundu chini, majina ya watoto yanapandishwa na kushushwa kutwa nzima mbele ya wenzao. Naapa kabla sijatoka niliangalia kule chini kama langu limeshabandikwa.

Kidole. Mdomoni. Nawasilisha.

Mama_Mapacha: Pole sana baba. Swali dogo tu: ulikiweka?

KifutioChaUbao: Mimi nimeweka kambi hapa, nangoja jibu la Mama Mapacha.

Mleta mada: Tusitoke nje ya mada. Mada ni adhabu ya jumla.

KifutioChaUbao: Kakiweka huyo.

Mama_Mapacha: Na mikono kichwani, aliiweka hakuiweka?

Mleta mada: Mnacheka mambo mazito! Mtu mzima anasimamishwa mbele ya watoto aliowazaa!

Jirani_Mwema: Mmoja tu mkuu. Au darasa zima ni lako?

BwanaVifungu: Twende kisheria. Mkataba wa Nne wa Geneva wa mwaka 1949, ibara ya 33, unakataza kumwadhibu mtu kwa kosa ambalo hakulitenda yeye mwenyewe. Adhabu ya pamoja marufuku.

Jirani_Mwema: Huo si mkataba wa vita?

BwanaVifungu: Umewahi kuingia darasa la pili siku ya mvua?

Mshika_Chaki: Niko upande wa pili wa dawati, nisemeje. Umegeukia ubao unaandika, mluzi unalia, ukigeuka unakuta nyuso zote za malaika. Ukimbana mmoja amtaje mwenzake, kesho baba wa aliyetajwa yuko mlangoni. Ukiwabana wote, wanakuja akina baba wote. Ila kwenye mapumziko mleta mada ana hoja, na nasema kwa uchungu. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishatoa tamko mwaka 2013 kwamba mapumziko yasifutwe kama adhabu, na wala huhitaji daktari kuliona hilo. Zile mbio ambazo wangezimalizia uwanjani wanakuja kuzikimbilia kipindi cha hesabu, juu ya kichwa chako. Hata ule ubao wa rangi, anayekaa nyekundu wiki nzima ni yule yule, na akishazoea kule chini hana tena cha kupoteza. Sasa njoo wewe uwafundishe, mimi nikae getini niandike uzi.

Mleta mada: Wewe unamtetea kwa sababu unamjua!

Mshika_Chaki: Si ulisema wote tunamjua?

MzeeWaZamani: HAYA YOTE NI KWA SABABU FIMBO IMEONDOLEWA SISI TULICHAPWA NA TUMEKUWA WATU

KifutioChaUbao: Mzee, alama za uandishi hukuchapiwa?

BwanaVifungu: Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 28: nidhamu ya shuleni iendane na utu wa mtoto. Na Uswidi wamekataza fimbo mpaka nyumbani tangu 1979.

MzeeWaZamani: HAMIA HUKO

Mama_Mapacha: Kwenye huo mkataba, kidole mdomoni kimetajwa? Nauliza kwa niaba ya baba mmoja.

Dada_Kimya: Mnahangaika na walimu, kiranja je? Binti yangu kila siku yumo kwenye orodha ya wapiga kelele. Wiki nzima ana mafua, sauti imekauka, nyumbani tunaongea kwa ishara, lakini jina lipo, tena limepigiwa mistari. Nimechunguza: jina linafutika ukimpa kiranja kifutio. Kiranja mwenyewe ana miaka minane na ana vifutio vya kufungulia duka!

Jirani_Mwema: Hapo sasa. Wangu amemaliza penseli zote nikadhani anazitafuna.

Mama_K: Huyo kiranja ni mwanangu, na vifutio anapewa kwa hiari.

Dada_Kimya: Kwa hiari ya nani, mama? Ya mtoto aliyeandikwa "anaongea sana" akiwa msalani?

Mama_K: Kule msalani pia kunapigwa kelele. Mwanangu anafanya kazi aliyopewa.

Mshika_Chaki: Kwetu orodha ya kelele tumeifuta. Ilikuwa inatuonyesha nani kagombana na kiranja, kelele zikabaki pale pale.

Mleta mada: Jamani turudi kwenye uzi. Nilikuwa nasema, nageuka nyuma, naona ukuta...

Jirani_Mwema: Ukuta tumeuona baba. Mama K, penseli za bluu zenye kifutio kwa juu, naomba uangalie.

Baba_wa_Sweta: Samahani kuingilia. Kuna aliyeona sweta? Lina herufi mbili kwa ndani shingoni, mkono wa kushoto umetafunwatafunwa.

Mama_Mapacha: Lenye kifungo kimoja cheupe, vingine vyeusi?

Baba_wa_Sweta: Hilo hilo dada! Liko wapi?

Mama_Mapacha: Sijaliona.

Baba_wa_Sweta: Sasa kifungo umekijuaje?

Mama_Mapacha: Nimekisia. Ila langu nililorudishiwa muhula uliopita ni kubwa mara mbili ya mtoto, tangu siku ile siulizi, namkunjia mikono anakwenda.

MzeeWaZamani: SISI HATUKUWA NA SWETA

Dada_Kimya: Mwangalieni kiranja. Anayepokea vifutio hashindwi sweta.

Mama_K: Dada, umevuka mpaka. Mwanangu hajawahi kugusa kitu cha mtu, na begi lake nalifungua sasa hivi nipige picha muaibike.

Baba_wa_Sweta: Tunasubiri.

Jirani_Mwema: Na penseli za bluu.

KifutioChaUbao: Mbona kimya mama?

Mama_K: Limo. Lakini alikuwa analitunza.