Mnyama Kihonda: kadi, barua na ile Coaster

[28/6/2025, 06:48] Katibu: Asubuhi njema wana Lunyasi, wana Simba wa tawi la Kihonda. Narudia kwa waliolala mapema jana, LEO ndo mwisho wa mchango wa tawi elfu kumi kumi. Hela ina kazi mbili, kulipia ada wale ambao kadi zao za uanachama zimelala miaka, na nauli ya mjumbe wetu mkutano mkuu ukiitishwa. Barua nimeshaandika naibandika hapa sasa hivi. Utopolo, hao Yanga, wametufunga mara tano mfululizo na Jumatano wamebeba ubingwa wa nne mfululizo mbele ya macho yetu, sasa tukiendelea kulia vijiweni bila kadi nani atatusikia?

[28/6/2025, 06:50] Katibu: Waliolipa mpaka sasa hivi: mimi, Mwalimu, Mama Asha. Watatu. Grupu lina watu 41

[28/6/2025, 07:31] Bajaji: 🙏

[28/6/2025, 07:33] Katibu: Hiyo mikono umelipa au unaomba

[28/6/2025, 07:58] Bajaji: naomba

[28/6/2025, 08:20] Mama Asha: Mi nimelipa ila swali langu la yule mchezaji Chama liwemo humo kwenye barua. Chama wetu, kaenda Berkane ya Morocco tukamrudisha, halafu 2024 anavuka barabara anaingia Jangwani kwa Yanga tunaangalia tu. Nilikuwa na supu imeandikwa kabisa ubaoni SUPU YA CHAMA, wateja wanaijua, ikabidi nifute kwa kitambaa kibichi asubuhi watu wananitazama

[28/6/2025, 08:24] Dogo: andika supu ya Ahoua wetu mama, goli 16 mfungaji bora wa ligi 😂

[28/6/2025, 08:29] Mama Asha: Haitamkiki hiyo, mteja ataagiza nitadhani anapiga chafya

[28/6/2025, 08:31] Dogo: 😂😂😂😂

[28/6/2025, 08:41] Katibu: Jamani mada. Barua hii hapa someni mnijibu leo leo

"Kwa uongozi wa klabu. Sisi wanachama na mashabiki wa Kihonda Morogoro tunaomba kuelezwa mambo matatu. Moja, mfumo wa hisa, asilimia 51 za wanachama na 49 za mwekezaji, ulioanza 2017 ikitajwa bilioni 20, tunaomba tuambiwe kwa lugha ya kawaida umefikia wapi na sisi wenye 51 tunaamua nini hasa. Mbili, nani anasajili, maana kila dirisha wachezaji wanakuja kumi na kila msimu ukiisha tunasoma thenkyuu kumi za kuwaaga. Tatu, makocha. Tangu 2021 amepita Gomes, Pablo, Zoran, Robertinho, Benchikha na sasa Fadlu, na katikati hapo Mgunda anaitwa kuzima moto. Nani anawachagua na nani anawafukuza."

[28/6/2025, 08:43] Katibu: Nasubiri maoni

[28/6/2025, 09:37] Katibu: Blutiki 22. Maoni 0

[28/6/2025, 09:52] Bajaji: barua ndefu katibu, mi ningeandika tu TAJIRI TOA HELA LETA MASHINE basi, we unadhani man city walianzaje, tajiri aliingia 2008 akamwaga, chelsea 2003 tajiri akamwaga, mpira siku hizi ni kumwaga

[28/6/2025, 09:55] Dogo: na sisi man u wenye tajiri asiyemwaga tunalia tangu 2013

[28/6/2025, 10:14] Mwalimu: Bajaji ndugu yangu, Azam wana tajiri. Wana uwanja wao wenyewe Chamazi, mishahara inatoka kwa wakati, basi zuri, akademi. Ubingwa wao ni mmoja, 2013/14, tena walimaliza bila kufungwa mechi hata moja. Mpaka leo hawajaupata mwingine. Kama ingekuwa kumwaga peke yake wangekuwa nao sita

[28/6/2025, 10:16] Mwalimu: Na tuwe wakweli, kati ya 2012 na 2018 sisi hatukushika ubingwa. Kurudi kwetu mashindano ya Afrika ya CAF ilibidi tupitie Kombe la FA 2017, tunahangaika na timu ya Mbao pale Dodoma. Mo, huyu mwekezaji, alipoingia tukachukua minne mfululizo. Robo fainali Ligi ya Mabingwa 2019, 2021, 2023 na 2024, robo Kombe la Shirikisho 2022, mwaka huu fainali. Barua haina hata mstari mmoja wa kusema asante. Mtu akiisoma ataona tunamshitaki

[28/6/2025, 10:22] Katibu: Mwalimu nakuheshimu lakini asante tumesema miaka minane. Tumesema kwa tiketi, kwa jezi, kwa kusimama juani. Mimi sidai kombe, kombe ni la Mungu na refa. Mimi nadai kuelezwa. Unanielewa? Ukiwa na shamba la ubia na mtu, mwenzio ndo mwenye trekta, mwaka mahindi yakifa hukasiriki, unakasirika ukimuuliza kulikoni asikujibu

[28/6/2025, 10:25] Mama Asha: Hapo sasa

[28/6/2025, 10:26] Mwalimu: Hapo nakubali. Basi iandikwe hivyo hivyo, na ya shamba iwemo

[28/6/2025, 10:40] Shemeji: Shikamooni wakwe zangu na heri ya weekend. Naona mnapata tabu na makocha. Sisi Yanga msimu huu tumekuwa nao watatu, Gamondi, Ramovic, Hamdi, na kombe limekuja. Kesho tuna fainali na Singida pale Amaan karibuni kwangu kuna pilau

[28/6/2025, 10:41] Dogo: nani kamrudisha huyu

[28/6/2025, 10:41] Bajaji: 😂😂😂 admini toa mtu

[28/6/2025, 10:44] Mama Asha: Mwacheni mkwe, alitoa elfu hamsini msiba wa mama mkubwa. Lakini mkwe na wewe usitambe, Shirikisho 2023 si mlikosa kombe kwa goli la ugenini mikononi mwa USM Alger, mbona tuliwapa pole

[28/6/2025, 10:47] Shemeji: Mlitupa pole kwa vuvuzela mama

[28/6/2025, 10:49] Shemeji: Ila niseme kitu cha kweli bila utani. Makocha tumebadilisha ila kikosi hakikubomolewa, ndo siri. Mshambuliaji Mayele tulimtoa AS Vita ya Kongo 2021 tukakaa nae misimu miwili akiiva, leo yuko Pyramids ya Misri na Ligi ya Mabingwa kabeba. Nyie mnajenga mwezi wa saba mnabomoa mwezi wa sita

[28/6/2025, 10:58] Mwalimu: Inauma lakini ni kweli

[28/6/2025, 11:02] Katibu: Nashukuru shemeji ila hii ni grupu ya tawi. MICHANGO JAMANI. Na tusidhani klabu inakula mfukoni kwa mtu mmoja, mkataba wa udhamini wa M-Bet wa 2022 peke yake ulitajwa bilioni 26.1 kwa miaka mitano, wa Azam TV na TFF wa kuonyesha ligi bilioni 225.6 kwa miaka kumi na klabu zinapata fungu lake, kushika nafasi ya pili Shirikisho CAF wanatoa dola milioni moja. Hiyo ni hela ya jasho la klabu sio ya tajiri. Ndo maana nataka mjumbe aende na kadi mkononi, asimame, aulize. Nauli SGR elfu 13 kwenda, 13 kurudi, chakula, basi. Kinashindikana nini

[28/6/2025, 11:05] Fundi: Kinashindikana ile Coaster

[28/6/2025, 11:05] Bajaji: eeh

[28/6/2025, 11:06] Dogo: mamaaa

[28/6/2025, 11:19] Katibu: Fundi hayo tuliyamaliza

[28/6/2025, 11:24] Fundi: Tuliyamaliza wewe na nani? Mimi sina shida na barua, barua nzuri sana, nasema tu mtu akisikia neno mchango anakumbuka mwezi wa tano, wala msishangae 38 wamekaa kimya

[28/6/2025, 11:26] Dogo: ila ile siku ya fainali amaan jamani mukwala katia goli VAR ikafuta nililia kwenye boti mpaka dar

[28/6/2025, 11:27] Bajaji: ulilia au ulitapika, fundi ana video

[28/6/2025, 11:27] Dogo: bahari ilichafuka bana 😂

[28/6/2025, 11:30] Mama Asha: Mutale alivyofunga nilimwaga sufuria zima la maharage na sikujuta

[28/6/2025, 12:55] Katibu: Narudi kwenye mada. Waliolipa bado watatu

[28/6/2025, 14:10] Babu Reli: Wanangu hamjambo. Nimesomewa yote na mjukuu ananiandikia ninavyosema. Mwaka 1979 Mufulira Wanderers walitufunga nne hapa hapa Dar, watu tukasema basi, vijana wakaenda Zambia wakarudisha tano. Hapakuwa na tajiri. Mwaka 1993 mfadhili alikuwepo, Azim Dewji, fainali ya Kombe la CAF tukatoka suluhu na Stella kule Abidjan, mimi nikapanda treni kwenda Taifa nikijua kombe letu, Boli Zozo akatufunga mbili nikarudi Morogoro nimesimama sikutaka hata kukaa. Nikasikia huyu Ahoua alitoka Stella ile ile nikasema Mungu ana namna yake ya kurudisha deni. Kwa hiyo pesa ikiwepo au isiwepo mpira unaweza kukukataa, hilo lisiwape taabu. Linalonitaabisha ni lingine. Mnataka kumwandikia mtu atoe hesabu ya mabilioni. Mimi mwezi wa tano nilitoa elfu ishirini ya pensheni yangu nikaone fainali. Mechi ikahamishwa Zanzibar. Wengine mlipanda boti, mimi miguu hii boti haiwezi, nikabaki. Hakuna aliyekuja mlangoni kuniambia pesa imekwenda wapi. Katibu wewe nimekuona unazaliwa. Jina langu lisiwekwe kwenye barua hiyo mpaka nisikie hesabu ya Coaster.

[28/6/2025, 14:11] Dogo: shikamoo babu

[28/6/2025, 14:15] Mwalimu: Shikamoo Babu. Tumekusikia

[28/6/2025, 14:16] Mama Asha: Shikamoo baba

[28/6/2025, 15:48] Katibu: Shikamoo Babu. Nimechelewa kujibu nilikuwa naandika nafuta naandika nafuta. Ni kweli sikuja. Niseme mbele ya wote. Watu 19 mlitoa elfu ishirini ikawa laki tatu na themanini. Laki tatu nilitanguliza kwa mwenye Coaster kwa safari ya Dar, uwanja wa Mkapa, kama mlivyokubaliana hapa hapa. CAF wakaupeleka mchezo Amaan, nikamfuata mwenye gari akasema hela hairudi kwa sababu alikataa harusi kwa ajili yetu. Nimemfuata mara nne. Elfu themanini iliyobaki ilikwenda kwenye bango, kitambaa na rangi 45, ushonaji 35. Boti tuliopanda kila mtu alijilipia mwenyewe, sikugusa hata senti ya tawi wallahi. Sikuja mlangoni kwako Babu kwa sababu niliona haya kukwambia mzee kama wewe pensheni yako imebaki kwa mtu mwenye gari, nikasema nitaipata kwanza ndo nije. Nimekosa

[28/6/2025, 15:53] Fundi: Ahsante kwa kusema. Ila ushonaji mimi nilipokea 30

[28/6/2025, 15:54] Bajaji: hiyo 5 ni mimi nilibeba bango na mbao zake mpaka stendi, na tulisema 8 kwa hiyo bado nadai 3

[28/6/2025, 15:54] Fundi: Bango lenyewe liko wapi

[28/6/2025, 15:56] Mama Asha: Nimefunikia mkaa mvua ile ya juzi. Halijaharibika

[28/6/2025, 15:57] Dogo: 😂😂😂 kauli mbiu yetu UBAYA UBWELA juu ya mkaa

[28/6/2025, 16:05] Mwalimu: Mimi napendekeza hivi. Mwenye Coaster tumfuate watu watatu, sio Katibu peke yake, tena kwa mwenyekiti wa mtaa. Barua isubiri hiyo. Tukipeleka barua ya kudai hesabu na sisi yetu imekaa miezi miwili chini ya mkaa hatutakuwa na uso

[28/6/2025, 16:09] Katibu: Mwalimu barua ikisubiri dirisha linaanza, wakishasajili nani atasoma barua? Twende na vyote. Kesho baada ya alasiri kibandani kwa Mama Asha, naleta daftari na risiti ya Coaster. Nani anakuja?

[28/6/2025, 16:12] Mama Asha: Kibanda kipo ila saa kumi na mbili nafunga

[28/6/2025, 16:20] Bajaji: kesho nina abiria wa airport dar sijui

[28/6/2025, 16:31] Fundi: Kama risiti ipo nakuja

[28/6/2025, 17:40] Shemeji: Mi nina fainali ila Babu hiyo elfu ishirini naweza kuileta mimi leo jioni nikipita, mkwe ni mkwe

[28/6/2025, 18:02] Babu Reli: Ahsante mkwe wangu, pilau nitakuja kula. Pesa hiyo sitaki kwa Mwananchi, mtu wa Yanga. Naitaka kwa tawi langu.

[28/6/2025, 18:03] Dogo: 🔥🔥🔥🔥

[28/6/2025, 18:10] Katibu: Sawa Babu. Kesho nitakupitia mwenyewe na bajaji twende wote kibandani

[28/6/2025, 18:11] Bajaji: bajaji ya nani

[28/6/2025, 20:26] Katibu: Waliothibitisha kesho: Babu, Mwalimu, Fundi, Mama Asha. Waliolipa mchango: watatu. Naomba na wengine mseme hata neno moja

[28/6/2025, 23:47] Dada Maskati: Assalaam aleikum nimetoka kazini ndo naona, meseji 60 zote sijazisoma. Nitume kwa namba ile ile ya mwezi wa tano? Na mjumbe ni nani?