Mrejesho: seva ya Jinja iliyokuwa ikijizima usiku

Habari zenu wakubwa. Mnakumbuka niliuliza kuhusu seva ya zahanati yetu hapa Jinja: ina pawasaplai mbili (vifaa vinavyoilisha umeme, kimoja kikifa kingine kiendelee), lakini ilizimika karibu kila usiku ikianza kunakili data. Nilikuwa tayari kuagiza pawasaplai mpya Kampala. Mkanizuia, mkasema kwanza niijaribu kila moja peke yake.

Nilifanya hivyo. Zote mbili ziliangusha mashine vilevile, na mbili kufa kwa pamoja ni nadra. Ndipo nikachukua multimita nikapima kwenye ekstensheni. Seva ikiwa imetulia, volti 236. Ilipoanza kazi nzito, namba zikaanza kushuka mbele ya macho yangu hadi 160 na kitu, taa za seva zikageuka rangi ya chungwa, kisha ikazima kimya.

Tukazima swichi kuu, fundi umeme akafungua soketi ya ukutani. Skrubu ya waya wa nyutro (unaorudisha umeme) ilikuwa imelegea, plastiki imebabuka na kuwa nyeusi, waya umekakamaa na unanuka. Ingeweza kutuunguzia jengo, na wodi ya wazazi iko ukuta wa pili!

Kosa langu ni kwamba pawasaplai zote mbili nilizichomeka kwenye ekstensheni hiyohiyo. Sasa soketi ni mpya, pawasaplai moja inapita kwenye UPS (betri ya akiba), nyingine ina laini yake. Usiku wa kumi na moja huu, haijazimika. Asanteni sana, mmetuokolea pesa na rekodi za wagonjwa.