Hilux ya dizeli: siku inawaka, siku inagoma. Naomba ushauri kabla sijateremsha pampu

MkulimaKonde
Assalamu alaykum ndugu zangu. Nna Hilux ya zamani, injini ya aina ya 3L, haina kompyuta. Kuna siku inawaka nikigusa tu ufunguo, na kuna siku stata inazunguka kwa nguvu mpaka betri inachoka na injini haishiki. Ikishawaka haina neno, inakwenda na mzigo mpaka Chake, hapa hapa Pemba. Betri mpya, plagi za moto (za kupashia injini kabla ya kuwaka) nimebadilisha zote nne. Fundi mmoja kaniambia pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwenye injini, imekufa, ipelekwe Unguja. Pesa iliyopo ni ya wachumaji karafuu. Nisaidieni.

FundiMtambile
Wa alaykumu salaam. Usiiguse pampu! Pampu iliyochoka kwa kawaida hugoma injini ikiwa moto, na gari hukosa nguvu mlimani. Yako inapanda na mzigo. Siku ikigoma, mtu apige stata, wewe kaa nyuma utazame ekzosi. Ukitoka moshi mweupe, dizeli inafika ila haiungui. Usipotoka hata kidogo, dizeli haifiki kwenye nozeli. Tuanzie hapo.

WayaWete
Mie naitilia shaka solenoidi ya kuzimia, ile vali ya umeme ya kufungua na kukata dizeli, iliyofungwa kwenye pampu, ina waya mmoja. Washa swichi bila ya kupiga stata, chomoa waya kisha uuguse tena: lazima isikike "tik". Halafu weka taa ya testa kwenye waya huo wakati stata inazunguka. Swichi ikichakaa huweza kukata umeme wa solenoidi pale pale unapopiga stata, utazungusha mpaka kesho. Na hewa ya chumvi huku kwetu inakula sana viungo vya nyaya.

MkulimaKonde
Leo imegoma, nimefanya yote. Tik inasikika, taa haizimiki, basi solenoidi inapata umeme. Moshi hakuna kabisa. Kuna jambo jengine: nikiiegesha mlimani kichwa juu ndipo inapogoma zaidi. Kichwa chini haijawahi kunigomea.

FundiMtambile
Hapo umesema, yakhe. Hiyo ni hewa. Gari hiyo haina pampu ya umeme tangini, pampu ya nozeli inavuta dizeli yenyewe. Ufa ukiwa upande wa kuvuta, injini ikinguruma inafyonza hewa kidogo tu na inavumilia. Ukizima, hewa inaingia pale pale na dizeli inarudi tangini, hasa tangi likiwa chini kuliko injini. Ndiyo maana huoni dizeli ikidondoka. Weka kipande cha mpira unaoonesha ndani baina ya filta na pampu, uangalie mapovu.

DadaDaladala
Angalia na pampu ya mkono juu ya filta, ile ya kubonyeza kuvutia dizeli. Yangu mpira wake wa ndani ulipasuka, dalili hizi hizi.

MkulimaKonde
Mapovu yapo! Na chini ya pampu ya mkono pana unyevunyevu wa dizeli ulioshika vumbi. Nimeibonyeza mpaka ikawa ngumu, nikapiga stata, imewaka pale pale na kichwa kiko juu.

FundiMtambile
Alhamdulillahi. Nunua kichwa cha filta kizima, pamoja na pampu yake ya mkono, usipake gundi, dizeli itaibandua. Mipira iliyopasuka na klipu zake badilisha papo hapo, na umwage maji chini ya filta. Ukishafunga, bonyeza pampu ya mkono mpaka iwe ngumu ndipo upige stata. Ukiona mapovu bado, fuata bomba mpaka tangini, kiungo kimoja kimoja. Pesa za wachumaji wape wachumaji.