Bastola kwenye gari: ukishuka, nani anabaki nayo?

Wakuu habari za jioni, naleta hii tuijadili bila matusi. Jumamosi mshkaji wangu mmoja mfanyabiashara wa nafaka, bastola anamiliki kihalali kabisa, alienda sendofu ukumbi mmoja huku Mbezi. Mlangoni akaambiwa silaha haiingii. Akarudi kwenye Harrier yake akaisukumia chini ya siti, akapiga loki, akaingia zake kula pilau. Kutoka saa sita usiku kioo cha nyuma hakipo, begi halipo, bastola haipo na risasi zake ndani. Tukaenda kituoni usiku ule ule na askari aliyeandika maelezo hakufoka wala nini, alimuuliza tu, "sasa uliiacha ili imlinde nani?"

Msimamo wangu ni huu: bastola inakaa mwilini mwako au kwenye sefu nyumbani, basi. Gari sio sefu jamani. Hawa vijana wanaong'oa saiti mira kwenye foleni wewe umo ndani, kioo cha gari iliyopaki gizani kitawashinda? Na ile leseni umeihangaikia, umeanzia mtaani ukapanda kata, wilaya, mpaka mkoa, alama za vidole umetoa, uhakiki wa silaha wa 2016 umepanga foleni, halafu unaiachia kioo cha milimita chache. Unaenda sehemu silaha haziruhusiwi? Iache nyumbani.

Muuza vitenge, Kariakoo: Mkuu unaongea kama mtu wa mshahara. Mimi nikifunga duka nabeba hela, silaha niliombea hiyo safari ya kwenda benki, nafika mlangoni mlinzi ananiambia "bosi kaiache kwenye gari". Sasa nirudi Tabata nikaiweke kwenye sefu halafu nije na hela mikono mitupu? Lawama wapeni na hao wenye mabango ya kukataza, mbona viatu msikitini vina sehemu yake. Waweke kabati za kufuli pale getini kila mtu na ufunguo wake, shida imeisha.

Mbongo wa Denver: Huku Colorado tangu Januari 2025 ukiacha bastola kwenye gari bila mtu lazima iwe kwenye boksi gumu lenye kufuli, isionekane kwa nje, na gari lenyewe limefungwa. Wenye bunduki walipiga kelele sana ila ukweli wenyewe ni kwamba silaha nyingi zinazoibiwa Marekani zinaibiwa kwenye magari, na haziishii kwa mwizi wa kwanza. Kwa hiyo kaka hata huku kwa wapenda bunduki wamekubali gari ni tatizo.

Mzee mstaafu: Nimebeba silaha za serikali zaidi ya miaka ishirini, vijana nisikilizeni. Mnaongelea wizi tu. Hatari kubwa ni pale unapoitoa kiunoni ukiwa umekaa, mkanda umefunga, tumbo limebana, kidole kinatafuta pa kushika, na imeshakokiwa. Ndio paja linatobolewa hapo. Na hiyo ya chini ya siti, ukipiga breki kali inateleza mbele mpaka miguuni, ikikaa nyuma ya pedali ya breki utajua hujui. Isiachwe huru kwenye gari, iwe kwenye mfuko wake kiunoni na uuzoee kabla hujaingia barabarani.

Mama wa wawili: Mimi ndio niliyeikuta bastola ya mume wangu siti ya nyuma nikitafuta chupa ya maji ya mtoto. Mtoto wa miaka minne yuko siti hiyo hiyo ya nyuma. Sina la kuongeza.

Mgeni jukwaani: Naomba kuuliza, hili joto la Dar gari likishinda juani risasi haziwezi kulipuka zenyewe?

Mzee mstaafu: Hapana mjukuu, gari juani linafika sitini, sabini hivi, baruti inataka zaidi ya mara mbili ya hapo. Wewe ogopa kibaka.

Narudi mimi mleta mada. Huyu wa Kariakoo kanibana, nakiri, "iache nyumbani" ni rahisi kwangu mimi nisiye na hela ya kubeba. Basi nirekebishe: kama huna namna, boksi la chuma limefungwa kwa bolti au waya kwenye buti, na unaiweka kabla hujafika, sio pale pale paking huku wapiga debe na waosha magari wanakuangalia unavyoinama. Mshkaji ndivyo alivyofanya, kainama mbele ya kijana wa paking, na yule kijana usiku hakuonekana. Chini ya siti, kwenye dashibodi, mfuko wa mlango, hapo sitoki hata mje kumi.

Alhamisi anaitwa tena kituoni. Ameniuliza kama akiomba nyingine atapewa, nikabaki naangalia simu tu. Nyie mngekuwa mnakaa ile kamati inayopitisha maombi ya silaha mngempa?