Mbunge anapopiga kura Dodoma, anamsikiliza nani hasa?

Mwanaushirika wa Tabora

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mjumbe wa bodi ya chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku hapa mkoani Tabora. Jimbo silitaji, kwa kuwa swali langu si la mtu mmoja. Tumeomba kikao na mbunge wetu kabla ya Bunge la Bajeti, na bodi imegawanyika. Wapo wanaotaka tukusanye sahihi za wanachama na kumweleza wazi kwamba bajeti isipotaja kilio chetu cha ushuru wa mazao aikatae, la sivyo tutakumbukana kwenye sanduku la kura. Wengine wanasema kura ya mbunge ni ya chama chake, na wafanyabiashara wakubwa hufika Dodoma kabla yetu, kwa hiyo tutapoteza nauli bure. Mpiga kura anaweza kugeuza kura ya mbunge kwa kiasi gani, na makundi yenye masilahi hupitia mlango upi?

Mwalimu Mstaafu, Kasulu

Ndugu Mwanaushirika, msimwombe aikatae bajeti. Hiyo ndiyo kura ambayo mbunge ana uhuru mdogo kuliko zote. Bajeti hupigiwa kura kwa kuita majina, mmoja mmoja, mbele ya mnadhimu wa chama chake, yaani msimamizi wa nidhamu ya wabunge wa chama, na mbele ya taifa zima. Ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali, na ibara ya 71 inasema mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini, kiti chake kinakoma pia. Mtu anayejua kwamba kufukuzwa chamani ni kupoteza ubunge hapohapo hawezi kuogopa sahihi zenu kuliko anavyoogopa kikao cha chama, maana ninyi mtamhukumu baada ya miaka mitano na chama kinaweza kumhukumu kesho.

Haina maana kwamba hamna nguvu. Nguvu yenu iko kabla ya siku ya kura. Mbunge anaweza kupeleka jedwali la marekebisho kwenye muswada, anaweza kuuliza swali, na wakati wa makadirio ya wizara anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri mpaka apewe maelezo ya kuridhisha. Hayo yote huyafanya bila kuasi chama chake. Kumbukeni pia kwamba ushuru wa mazao uliwahi kupunguzwa mwaka 2017, kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na malalamiko ya wakulima yalikuwa yamesikika kwa miaka mingi kabla ya hapo.

Jambo moja mjiulize kwa haki: halmashauri yenu inaendeshwa kwa fedha zipi? Katika wilaya za tumbaku ushuru huo ni sehemu kubwa ya mapato ya ndani, na diwani naye ni mpiga kura. Mbunge akisikia mkulima anataka upungue na diwani anataka ubaki, atakuwa na sababu nzuri ya kufuata msimamo wa Serikali na kusema jimbo lenyewe halina kauli moja.

Mkazi wa Mwanga, Kigoma

Naongezea kuhusu makundi yenye masilahi, kwa sababu watu wengi hudhani kazi yao ni kununua kura. Mara nyingi wanachopata kwanza ni nafasi ya kusikilizwa. Katika jaribio lililofanyika Marekani, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2016, ofisi 191 za wajumbe wa Congress, yaani Bunge la nchi hiyo, ziliombwa kikao na kundi la wananchi. Baadhi ziliambiwa wanaokuja ni wapiga kura wa eneo hilo, nyingine zikaambiwa ni wachangiaji wa fedha za kampeni. Waliotajwa kuwa wachangiaji walikutana na viongozi wa juu mara tatu hadi nne zaidi ya wenzao. Kwetu mlango wa namna hiyo ni kamati ya Bunge, inapoalika wadau kutoa maoni kuhusu muswada. Kampuni hutuma mwanasheria mwenye andiko lililopangwa vifungu kwa vifungu, na mkulima anasikia habari redioni muswada ukiwa umeshapita.

Lakini lipo jaribio jingine linalonitia moyo sana. Mwaka 2008, katika jimbo la New Mexico, watafiti waliwauliza wananchi zaidi ya 10,000 maoni yao kuhusu mpango wa matumizi wa gavana, kisha wakawapelekea baadhi tu ya wabunge, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, majibu ya watu wa maeneo yao. Waliopelekewa walipiga kura kwa kufuata maoni ya watu wao zaidi kuliko wenzao ambao hawakupelekewa. Kumbe wakati mwingine mbunge hakuwa amewadharau watu wake. Hakuwa anajua wanataka nini.

Mvuvi wa Ujiji

Hakikisheni kwanza kwamba jambo lenu linaamuliwa kwa kura. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, wapo wenzetu waliouliza mbunge alipiga kura gani, ilhali lilikuwa suala la makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa na utekelezaji wa wizara. Pale mbunge alikuwa na sauti, kura hakuwa nayo.

Mwanaushirika wa Tabora

Shikamoo Mwalimu, nawashukuru nyote. Nitaishauri bodi iache karatasi ya sahihi. Tutachukua stakabadhi za mauzo ya msimu uliopita, tuoneshe kwa kila daraja la tumbaku mkulima alikatwa kiasi gani na alibaki na nini, kisha tuandike kifungu tunachotaka kirekebishwe na maneno tunayopendekeza. Suala la halmashauri limenigusa, kwa sababu hatukuwa tumeliwaza kabisa. Kabla ya mbunge tutaanza na madiwani wa kata zetu, tukubaliane nao kiwango ambacho hakitaacha zahanati bila fedha.