Tundu la moyo limezibwa, mbona mapigo bado yanavurugika?

Swali: Mgonjwa ana miaka 46, alizaliwa na tundu la milimita 22 kati ya vyumba vya juu vya moyo. Lilizibwa miezi 8 iliyopita kwa kifaa kilichopitishwa mshipa wa paja. Tatizo nini?

Jibu 1: Kuziba hakufuti madhara ya miaka yote hiyo. Damu ilivuja kutoka kushoto kwenda kulia, chumba cha kulia kikatanuka, misuli ikaota makovu. Umeme wa moyo ukikuta kovu huzungukazunguka badala ya kupita. Anayezibwa utotoni hupona hatari hiyo kwa kiasi kikubwa. Baada ya miaka 40, si sana.

Jibu 2: Wiki za mwanzo kifaa chenyewe huchokoza misuli, ila miezi 8 siyo hiyo tena. Avalishwe Holta (kifaa kidogo cha kurekodi mapigo) saa 24 hadi 48, maana ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ya sekunde 10 huweza kuikosa hitilafu. Ikiwa ni fibrilesheni (vyumba vya juu kutetemeka ovyo), ulizeni kwanza dawa ya kuzuia damu kuganda. Aspirini aliyopewa kwa ajili ya kifaa haichukui nafasi yake!

Jibu 3: Flata (vyumba vya juu kupiga haraka mno kwa mpangilio) ya upande wa kulia hutibiwa kwa kuchoma njia ya umeme inayoizusha, kwa kawaida bila shida. Kushoto ndiko kwenye kazi: kifaa kimekaa njiani, sindano lazima itoboe ukuta kati ya vyumba pembeni mwake. Ndiyo maana mapigo hukaguliwa kabla ya kuziba.